Uwanja wa Gofu wa Nyanza

Uwanja wa gofu wa Nyanza, wenye mashimo 9, uko Kisumu, mji wa kando ya Ziwa Victoria uliokuwa ukiitwa Port Florence wakati reli kutoka Mombasa ilipoufikia mwaka 1901. Kwa maana kamili ya neno hauwezi kuhesabiwa kuwa linksi, yaani uwanja wa pwani uliolala juu ya vilima vya mchanga kama ule wa St Andrews huko Uskoti, kwa kuwa ziwa hilo ni la maji baridi na udongo wa uwanja ni mzito. Hata hivyo, upepo wa ziwani, ambao huvuma zaidi alasiri, humpa mchezaji mtihani unaofanana. Umaarufu wa uwanja huu umetokana hasa na viboko. Kanuni inayohusishwa na Klabu ya Nyanza, ambayo watani wa gofu wamekuwa wakiinukuu kwa furaha kubwa, ilimruhusu mchezaji ambaye mpira wake umetua karibu na kiboko au mamba kudondosha mwingine mahali salama bila adhabu. Vivyo hivyo, katika uwanja wa gofu wa Jinja, Uganda, mpira ulionasa katika alama ya wayo wa kiboko uliruhusiwa kuondolewa.