Kwa nini mbio ndefu za milimani ni adimu

Dunia haina upungufu wa milima wala wa wakimbiaji. Hata hivyo, mashindano ya masafa marefu yanayopanda vilele na kuteremka nje ya barabara ni machache mno, hata katika maeneo yanayosifika kwa milima yake.

Mbio za aina gani?

Mchezo huu umeota mizizi kaskazini mwa Uingereza, hasa katika wilaya ya maziwa na milima iitwayo Lake District. Zamani, katika maonyesho ya vijijini, vijana walishindana kukimbia hadi kilele cha jirani na kurudi.

Chama cha mchezo huo, Fell Runners Association, kiliundwa mwaka 1970. Kwa kanuni zake, mbio huitwa ndefu zikizidi kilomita 20, na zile za daraja la juu la ugumu sharti ziwe na mpando wa wastani wa mita 50 au zaidi kwa kila kilomita. Aghalabu njia haina alama. Mkimbiaji hulazimika kupita vituo vya ukaguzi, na baina ya kituo na kituo hujitafutia njia kwa ramani na dira.

Mbio za Ennerdale, zilizoanza mwaka 1968, ni za takriban kilomita 37. Zile za Wasdale ni fupi kidogo, lakini mpando wake hupita mita 2,500. Mashindano ya namna hiyo ni ya kuhesabika. Mengi katika kalenda ya mchezo huo ni mafupi.

Mzigo wa waandaaji

Katika mbio za barabarani, gari la wagonjwa humfikia mkimbiaji kwa dakika chache. Mlimani, aliyevunjika mguu hungoja watu waje kumbeba. Kila kituo huhitaji watu wa kujitolea watakaokaa kwenye baridi kwa saa nyingi, wakihesabu kila anayepita. Kadiri mbio zinavyorefuka, ndivyo wa kwanza na wa mwisho wanavyozidi kuachana, na ndivyo hali ya hewa inavyopata muda wa kugeuka.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwezi Mei 2021, katika jimbo la Gansu nchini China, wakimbiaji 21 walifariki dunia baada ya mvua ya mawe, upepo na baridi kali kuwakumba katika mbio za kilomita 100. Serikali ya China ikasimamisha mashindano ya aina hiyo.

Ndiyo sababu baadhi ya majaribio makubwa kabisa si mashindano. Mwaka 1932, Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni mjini Keswick, alizunguka vilele 42 vya Lake District ndani ya saa 24. Hadi leo wanaomfuata huchagua siku yao wenyewe, wakisindikizwa na marafiki.

Hali ya Afrika

Nchini Cameroon, mbio za kupanda mlima wa jina hilo kutoka mji wa Buea, na kurudi, zilianza mwaka 1973. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 4,000.

Afrika Mashariki mambo ni tofauti. Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, hukimbiwa Moshi, chini ya mlima. Kilele chenyewe kiko mita 5,895, na wapandaji wa kawaida hutumia siku tano au zaidi ili mwili uzoee hewa nyembamba. Mwaka 2014 Karl Egloff alipanda na kushuka kwa muda usiofika saa saba, lakini alikuwa akishindana na saa tu.

Vipaji vipo. Lucy Wambui Murigi wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na 2018; Mkenya mwenzake, Patrick Kipngeno, alitwaa ubingwa wa mbio za kupanda mwaka 2022 na 2023. Mataji hayo yalipatikana Italia, Andorra, Thailand na Austria.

Uadimu unaolinda maisha hauna budi kuheshimiwa. Ule unaotokana na kukosa waokoaji wenye mafunzo, redio za mawasiliano na wenyeji wanaoijua njia unaweza kupunguzwa. Uingereza ilianza na kilele kimoja cha jirani. Safari ya vilele vingi ilifuata baadaye.