Spika zenye sabufa ya ndani: la kubadilisha na la kuacha, Pwani hadi Kikima

Spika yenye sabufa ya ndani ni spika mbili katika sanduku moja. Sehemu ya juu, inayotoa sauti za kati na nyembamba, huendeshwa na amplifaya ya sebuleni kama spika nyingine yoyote. Sehemu ya chini, ya besi, ina amplifaya yake iliyofungwa mgongoni mwa sanduku, nayo hula stima moja kwa moja kutoka ukutani. BP2000 ya Definitive Technology, ya miaka ya 1990, ilibeba sabufa ya inchi 15 na amplifaya ya wati 300. Triton One ya GoldenEar, iliyotoka 2014, ina wati 1,600 katika mnara mwembamba usiotisha kwa macho. Zote mbili ni za Marekani, na hapo ndipo mambo huanza.

Familia nyingi za Mombasa zina nyumbani kwao Ukambani. Seti ikichakaa huku Pwani, au mwenyewe akistaafu, hupakiwa kwenye lori na kupandishwa milima ya Mbooni hadi Kikima. Ikifika, swali huwa ni lile lile: tuiboreshe vipi?

Geuza spika kwanza, usome kibandiko cha nyuma. Stima ya Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Ya Marekani ni volti 120, mizunguko 60. Kibandiko kikisema 120 peke yake, usichomeke. Adapta ya dukani hubadilisha umbo la meno tu, volti hubaki vile vile, na amplifaya itaungua kabla hujarudi kitini. Baadhi ya modeli zina swichi ya volti au hukubali 100 hadi 240. Hizo mshukuru Mungu uendelee. Nyingine zitahitaji transfoma ya kushusha volti. Jumlisha wati zilizoandikwa kwenye spika zote mbili, kisha nunua transfoma inayozidi hapo kwa nafasi ya kutosha. Jua pia kwamba transfoma hiyo haibadilishi mizunguko. Amplifaya ya zamani yenye transfoma ya ndani iliyokadiriwa mizunguko 60 tu huchemka zaidi ikipewa 50, na katika joto la Pwani hilo si dogo.

La pili ni la uhai. Seti ikivuma, kuna mafundi wanaokata waya wa ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mvumo huisha kweli. Lakini siku hitilafu ikitokea ndani, bamba la chuma la nyuma hubeba volti 240, na mtoto akiligusa hakuna cha kumwokoa. Mvumo utafutiwe dawa kwenye nyaya za sauti: chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, badilisha waya wa mawimbi, ukague muunganiko wa antena. Kikima au Kisauni, nyumba isiyo na waya wa ardhi uliofungwa sawasawa imwite kwanza fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, ya spika yatafuata. Wala usifungue bamba lile kwa bisibisi ya jikoni. Kapasita za ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

Sasa kuboresha kwenyewe. Wengi hukimbilia kununua amplifaya yenye wati nyingi zaidi na kuipachika pale pale. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuharibu spika nzuri. Amplifaya ya kiwandani haikuza sauti tu. Ndani yake mna saketi inayoinua besi kwa kiasi kilichopimwa kwa koni ile na ujazo wa sanduku lile, na kuizuia koni isiruke kupita kiasi. Ukiweka ya kawaida, besi huwa nyembamba, kisha mwenyewe hupandisha sauti kuifidia, na koili inaungua.

Kwa hiyo amplifaya ya asili ikitengenezeka, itengenezwe. Mara nyingi kilichokufa ni kapasita. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua nusu, ndiyo maana seti ya Mombasa huzeeka kabla ya ile ya milimani. Ikiwa haitengenezeki, ing'oe, ziba tundu kabisa hewa isipite, toa nyaya za sabufa nje, na uziendeshe kwa amplifaya ya pembeni yenye uchakataji wa kidijitali, kama zile za Hypex za Uholanzi. Kisha besi ipimwe upya kwa maikrofoni ya vipimo na programu ya REW, ambayo ni ya bure. Asiye na vipimo hana haja ya kuanza kazi hii.

Koni ziangaliwe ukingo. Ukingo wa sponji huoza kwa unyevu hadi kumeguka kwa kidole, wa mpira hudumu zaidi. Kubadilisha ukingo ni kazi ya bei nafuu ikilinganishwa na sabufa mpya. Chumvi ya bahari nayo hula vituo vya nyaya. Visugue hadi ving'ae kabla ya kulaumu kitu kingine.

Halafu kuna chumba. Katika chumba cha urefu wa mita 4, besi ya mizunguko kama 43 kwa sekunde hujirundika kwenye kuta na kupotea katikati. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa takriban mizunguko 41, kwa hiyo ni besi ile ile ya benga ya Kikamba na ya taarabu ndiyo inayoathirika. Sogeza spika nusu mita, sogeza na kiti, usikilize tena, kabla hujatoa shilingi. Vandersteen Quatro ina vidhibiti 11 vya kurekebisha besi kulingana na chumba. Na mabati yakitetemeka, kaza misumari ya paa. Hakuna amplifaya itakayoponya hilo.

Kwa vipuri, Luthuli Avenue ya Nairobi iko karibu zaidi na Kikima kuliko Mombasa. Beba kipuri kilichokufa mkononi, au picha ya maandishi yake. Na mvua za Novemba zikianza na radi zake, chomoa plagi zote mbili ukutani, maana swichi ya rimoti huiacha amplifaya ya ndani ikiwa bado imeungana na waya wa stima.