Maili, Zam na Kisiwa Kinachotembea

Kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege ni kilomita 11,800 na ushee. Ni urefu wa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya tufe la dunia. Ukipiga rula kwenye ramani ya ukutani, mstari utapita Nigeria na Burkina Faso. Juu ya tufe unapanda kaskazini kupitia Chad, Algeria na Morocco.

Hesabu hii ni kongwe kuliko ndege. Mwanazuoni Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu kizima cha kupima mahali pa miji, akitafuta kibla cha mji wa Ghazna. Alichukua masafa ya misafara kutoka Baghdad, akapunguza mizunguko ya njia, akayaunganisha na vimo vya jua. Kibla nacho hufuata duara kuu; ndiyo maana anayeswali New York leo huelekea kaskazini-mashariki, ingawa Makka iko kusini zaidi ya mji huo.

Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kwa namna nyingine, nami naiona ya busara zaidi kwa msafiri. Ahmad ibn Majid, aliyeandika pia juu ya pwani yetu hadi Sofala, alihesabu kwa zam: mwendo wa saa tatu wa chombo. Zam nane kuelekea kaskazini ziliinua nyota ya kaskazini kwa isba moja, upana wa kidole. Baharia alishika kamba kwa meno, akasogeza kibao mpaka kikajaa nafasi kati ya upeo wa bahari na nyota; fundo la kambani lilimwambia yuko usawa wa bandari gani. Umbali hapo ulikuwa na muda ndani yake, na upepo pia.

Mabaharia wa visiwa vya Caroline, katika Pasifiki, wamekwenda mbali zaidi. Katika etak, mbinu yao ya kuongoza chombo, mtumbwi umetulia, visiwa ndivyo vinavyosogea. Mwongozaji huchagua kisiwa cha pembeni asichokiona, akakifuata akilini kikihama kutoka chini ya nyota moja hadi nyingine. Kila kuhama ni kipande cha safari. Mau Piailug, mwana wa elimu hiyo, aliuongoza mtumbwi Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti mwaka 1976 bila chombo chochote cha kupimia.

Mtu atasema hayo yamepitwa. Mbona basi Kenya Airways, ilipoanza safari ya New York mwaka 2018, ilitangaza saa 15 kwenda na 14 kurudi? Ardhi ni ileile. Pepo za juu huvuma kutoka magharibi. Rubani anayeruka kwa noti 480, yaani maili za baharini 480 kwa saa, dhidi ya upepo wa noti 60 hukata, kwa saa moja, maili 480 za hewa na 420 tu za ardhi. Mafuta hupigiwa hesabu kwa zile 480.