Mstari wa Nane

Mwaka jana nilipata kibarua cha kuandika majedwali. Kampuni moja inayokopesha watu pesa kwa simu ilikuwa na sera ya mikopo ya kurasa 11, imeandikwa kwa lugha ya mawakili, na ilitaka mtu aigeuze iwe kitu ambacho kompyuta inaweza kufuata bila kuuliza maswali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kukataa kupatikana, kwa hivyo sina cheti cha kuonyesha mtu. Lakini kupanga mambo kwa safu na mistari, hiyo naiweza. Kazi niliifanyia huku Kitisuru, ndani ya SQ ya shangazi yangu, nyuma ya nyumba kubwa ambako amepika na kufua kwa miaka mingi.

Kama hujawahi kuona jedwali la maamuzi, si jambo gumu. Upande wa kushoto unaweka maswali, upande wa kulia unaweka jibu. Kila mstari ni aina moja ya mtu. Nitalifupisha langu lisikuchoshe: Ana kitambulisho? Amewahi kuchelewa kulipa deni? Mshahara wake unapitia kwa simu? Maswali 3 ya ndiyo au la yanazaa aina 8 za watu. Hapo ndipo utamu wa jedwali ulipo: unaweza kuhesabu. Asiye na kitambulisho anakataliwa, hata majibu mengine yaweje. Hao ni aina 4. Aliye nacho lakini aliwahi kuchelewa anakataliwa, aina 2. Aliye nacho, hajawahi kuchelewa, na mshahara unapitia kwa simu, anapewa, aina 1. Jumla 7.

Wa nane je? Ana kitambulisho, hadaiwi na mtu, ila analipwa pesa mkononi. Nilisoma zile kurasa 11 mara mbili. Hakutajwa popote. Programu nayo haikubali pengo, lazima kila mtu awe na jibu. Ilikuwa usiku, kazi ilitakiwa asubuhi, na sikutaka kuonekana mtu wa maswali mengi. Nikaandika: Kataa.

Mtindo huu una umri kuliko wazazi wa wengi wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya General Electric ya Marekani ilikuwa tayari inautumia kuelekeza kompyuta zake, kwa mfumo ulioitwa TABSOL. Mwaka wa 2015 shirika la Object Management Group lilitoa kanuni za pamoja za kuchora majedwali haya, zinazojulikana kama DMN, na leo benki na kampuni za bima duniani zinazitumia. Lakini ukiniuliza, hapa kwetu jedwali lilifika kabla ya kompyuta. Babu zetu walilijua vizuri sana, kwa sababu wao ndio walikuwa mistari yake.

Anza na 1901, serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya nyumba. Swali lilikuwa moja tu: kuna kibanda? Kipo, lipa. Kuhesabu mapaa ni rahisi kuliko kuhesabu watu, mapaa hayakimbii. Mwenye wake watatu alikuwa na vibanda vitatu, basi alilipa mara tatu. Na kwa vile kodi ilidaiwa kwa pesa, wengi hawakuwa na njia nyingine ila kwenda kuzitafuta kwa mzungu. Wakoloni wenyewe hawakuficha kwamba hilo lilikuwa sehemu ya mpango.

Watu nao walilisoma jedwali, wakaona pengo. Wakabanana. Familia zilizokuwa na nyumba mbili zikalala kwenye moja, na vijana wasio na vibanda vyao hawakudaiwa chochote. Mwaka wa 1910 serikali ikaziba pengo hilo: mwanamume mzima asiye na kibanda alipe kodi ya kichwa. Nilipolisoma hilo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwa lugha ya kazi yangu, hapo jedwali lilikuwa limekamilika. Sisi tunalisema hilo kama sifa. Kwa kijana wa 1910, jedwali lililokamilika lilikuwa na maana moja: hakuna tena pa kujificha.

Kisha likaongezwa swali jingine. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara wake, tarehe ya kuanza kazi na ya kuacha. Iliwekwa ndani ya kibweta cha chuma, ikaning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro, na utoro wa kazi ulikuwa kosa la kukupeleka kortini. Na kwa kuwa mshahara wa zamani umeandikwa pale, mwajiri mpya anajua akupimie ngapi. Mtu alitembea na mstari wake shingoni, akiuonyesha kila polisi aliyetaka kuuona.

Sasa tazama nilipokaa nikiandika. Nairobi ya ukoloni iligawanywa kwa rangi, na vitongoji vya magharibi vilikuwa vya wazungu. Mwafrika aliruhusiwa kulala huku kwa sharti moja: awe ana mwajiri huku. Ndiyo maana nyuma ya nyumba nyingi za zamani kuna vyumba vidogo, mlango umeelekea mbali na nyumba kubwa. SQ si chumba tu. Ni jibu la jedwali, limejengwa kwa mawe: Mwafrika, ndiyo, ana mwajiri hapa, ndiyo, alale nyuma. Jedwali lilifutwa kitambo, lakini chumba bado kipo, na ndani yake kuna kitanda cha shangazi na meza yangu.

Watu walilikataa jedwali lile mapema. Harry Thuku, aliyekuwa mpokeaji simu katika Hazina ya serikali hapa Nairobi, alizunguka akipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mbele akiwakemea wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Polisi walipiga risasi. Muthoni aliuawa, pamoja na watu wasiopungua 20. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni hadi miaka ya 1940.

Huwa nafikiria ule umati. Walikuwa na mahali pa kwenda. Kulikuwa na lango, na nyuma ya lango kulikuwa na watu.

Miezi 3 baada ya kibarua changu kuisha, shangazi aliomba mkopo kwa simu, pesa za kumnunulia binti yake sare ya shule. Hakuniambia kwanza. Alikuja na simu mkononi.

"Wamekataa," akasema. "Na sijawahi kudaiwa na mtu. Sasa ni nani amesema hapana?"

Nikatazama ujumbe. Ilikuwa kampuni ileile. Shangazi ana kitambulisho, hana deni, na kila mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba humpa mshahara ndani ya bahasha. Nilijua ni mstari gani. Nilijua pia ni nani aliyeuandika, saa ngapi, na kwa nini.

"Ni mimi, shangazi," nikasema. Akadhani natania.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kukataa uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, na ya kuomba ufikiriwe upya. Ina mianya yake, na ile "nakubali" tunayobonyeza bila kusoma ni mmojawapo. Lakini ipo. Basi tuliketi pale mezani, nikaandika barua ya ukurasa mmoja, yeye akatia sahihi. Barua inaomba mambo mawili: mtu asome ombi lake, na mstari wa nane ubadilishwe usiseme Kataa, useme Muulize mtu.

Sare ilinunuliwa kwa pesa za chama. Jibu la barua bado tunalingoja.