Mbulu na Hanang: Dakika tano kabla ya ngoma zinavyobadili onyesho

Slufay, dua ya kishairi ya Wairaqw wa Mbulu, haikamiliki bila waitikiaji. Mzee anaghani, waliokaa naye wanajibu, na sauti zao ndizo zinazompa nguvu ya kuendelea. Ukiipeleka jukwaani mbele ya watu wasiojua waitikie lini, mzee anabaki anaongea peke yake huku wenzake wakichezea simu.

Dawa yake ni maelezo ya kabla ya onyesho. Msanii mwenyewe, au mtu anayeijua kazi hiyo, anazungumza na watazamaji kidogo kabla burudani haijaanza. Kumbi nyingi za opera na okestra huko Ulaya zimeshazoea utaratibu huu; anayetaka anafika mapema, anasimuliwa kisa na kuelekezwa asikilize nini.

Mbulu na Hanang hitaji ni kubwa zaidi, maana lugha zenyewe hazina undugu. Kiiraqw ni Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, Kinyaturu na Kinyiramba ni Kibantu, na Kihadza hakina ndugu yeyote anayejulikana. Sokoni Katesh au Haydom Kiswahili kinatosha, ila nyimbo zimebaki kwenye lugha zake.

Kwa slufay, mzungumzaji aanze na kiitikio, watu wakijaribu hata mara mbili. Kisha aseme ni nani anayeombwa. Kwa imani ya jadi ya Wairaqw, Looa ni Mungu wa kike anayehusishwa na jua, na neetlaangw ni pepo wanaokaa kwenye maji. Kijana aliyekulia mjini akishajua hilo, anaanza kuelewa kwa nini mzee anataja jua na mito. Kutafsiri kila mstari hakuna haja, na kwa kweli kunachosha.

Majina nayo yana uzito. Mshereheshaji anayewakaribisha Wabarabaig wa Hanang kwa jina la "Wamang'ati" anaharibu mambo kabla ngoma haijaanza. Neno hilo limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni maadui. Wenyewe ni Wadatoga.

Kuna pia mambo ambayo jukwaa haliwezi kuyabeba, na mtazamaji ana haki ya kuambiwa. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wana ngoma ya epeme inayochezwa usiku usio na mwezi, moto ukiwa umezimwa. Wanaume wanaingia mmoja mmoja, njuga mguuni, wanawake wakiimba. Mgeni anayeonyeshwa nyimbo chache mchana aelezwe mapema kuwa hiyo si epeme. Vinginevyo ataondoka na video ya dakika mbili akidhani ameiona, wakati ngoma yenyewe huchezwa gizani ili mchezaji asionekane vizuri.