Kichaa cha mbwa, sehemu ya 3: Pemba walichanja, wakaacha, kikarudi



Baada ya sehemu ya pili wengi mmeniuliza: nesi, kwa nini pesa ya umma ichanje mbwa bure wakati sindano za binadamu zipo? Jibu liko kwenye historia.

Julai 6, 1885, mama mmoja alimfikisha Paris mwanawe Joseph Meister, miaka 9, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Louis Pasteur akasimamia achomwe sindano 13 ndani ya siku chache, na mtoto hakuugua. Tangu hapo aliyeng'atwa anaokoka, ila awahi. Dalili zikishaanza, hata sisi manesi hatuna la kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso.

Ila sindano ya mtoto haimzuii mbwa wa kesho. Hapo ndipo Pemba inatufundisha.

Kuanzia 2010 mbwa wa Pemba walianza kuchanjwa kwa kampeni, wenye mbwa hawalipi. Mwanzoni kazi ilisuasua, baadaye wakazunguka kisiwa kizima kila mwaka. Kufikia Mei 2014 kichaa kilikuwa kimeisha. Kimeisha kabisa, jamani! Basi chanjo ikalegea. Nani atumie hela kwa ugonjwa usioonekana? Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia tena, mara mbili, watu wakaanza kung'atwa upya. Ikabidi kuchanja kisiwa chote tena, na Oktoba 2018 kikakoma.

Sasa fikiria Makambako. Pemba imezungukwa na bahari. Sisi tumezungukwa na barabara. Ya Mbeya, ya Iringa, ya Songea kupitia Njombe, na reli ya TAZARA juu yake. Mbwa wa kwetu hawana bahari ya kuwakinga, kwa hiyo kuchanja mwaka mmoja na kuruka miwili ni kumwaga maji kwenye gunia.

Wataalamu wanalenga angalau mbwa 70 katika kila 100. Hesabu hiyo inavurugwa na vitoto. Jike la jirani linazaa, watoto wa mbwa wanagawiwa mtaani, wanangu wanalilia kamoja, na hakuna hata kimoja kilichochanjwa. Ndiyo maana naunga mkono kuhasi dume na kufunga uzazi wa jike kulipiwe pamoja na chanjo, hasa kwa mbwa wa kuokota. Mnaosema ni anasa, mnitafutie hesabu ya kozi ya sindano za mtoto mmoja.

Umechukua kambwa? Mpeleke kwa afisa mifugo hata kama bado mdogo, tunza kadi yake kama ya kliniki ya mtoto. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi.

Sehemu ya 4 ni paka. Ndiyo, na paka pia.