Mashubaka ya Firenze: Jinsi Mji Ulivyopata Sanamu Zake

Neno sanaa tulilipata katika Kiarabu, na asili yake ni kazi ya mikono iliyofanywa kwa ustadi. Muunda jahazi, mchonga milango, mfua fedha, wote hao walikuwa watu wa sanaa, wala hakuna aliyefikiri kwamba sanaa ni kitu cha kujifungia ndani na kutazamwa na wachache. Waitaliani wa zamani walikuwa na neno la namna hiyo hiyo. Arte kwao ni ustadi wa kazi, na tena ni chama cha watu waifanyao kazi hiyo. Mwenye kulishika jambo hili dogo la lugha ataelewa upesi habari za mji wa Firenze, ambao Waingereza huuita Florence. Kwa maana sanamu zilizoupa mji ule sifa hazikutolewa na mfalme. Nyingi zilitolewa na wauza kitani, waashi, wauza nyama, wabadili fedha na wafuma sufu, kila watu na chama chao.

Katikati ya mji, njiani baina ya Kanisa Kuu na jumba la serikali, liko jengo liitwalo Orsanmichele. Jina hilo ni mkato wa maneno yenye maana ya bustani ya Mikaeli Mtakatifu, kwa sababu hapo kale palikuwa na bustani ya watawa. Baadaye palifanywa soko la nafaka, na juu ya nguzo moja ya soko palikuwa na picha ya Bikira Maria iliyoheshimiwa sana na watu. Soko hilo liliungua moto mwaka 1304, na katika mwaka 1337 wakaanza kujenga jengo jipya la mawe: chini matao ya soko, juu ghala za kuwekea nafaka kwa siku za njaa. Basi palikuwa mahali pa watu wote. Maskini alikuja kununua ngano, mwenye shida alikuja kuomba, na tajiri alipita akienda barazani.

Mwaka 1339 serikali ya mji ilikubali shauri la chama cha hariri, ambacho ndicho kilichosimamia ujenzi, ya kwamba kila chama kikubwa kipewe nguzo moja ya nje, kichimbe shubaka, na ndani yake kiweke sanamu ya mtakatifu wake. Shauri lilikuwa jema, na amri ilikuwa wazi. Walakini amri peke yake haichongi jiwe. Katika mwaka 1348 tauni iliua watu wengi mno. Vita na njaa vilifuata. Na miaka zaidi ya 60 ilipita, mashubaka yaliyokuwa na sanamu yakiwa machache tu. Ndipo mwaka 1406 serikali iliponena kwa ukali zaidi: kila chama kimepewa miaka 10, na kitakachoshindwa kitanyang'anywa shubaka lake, lipewe wengine.

Hapo mambo yakageuka. Twaweza kudhani ni hofu ya adhabu iliyowasukuma, na bila shaka hofu ilikuwapo. Lakini hati za vyama zatuonyesha nguvu nyingine iliyozidi hofu, nayo ni kuona haya mbele ya jirani. Chama cha wafanyi biashara wa nguo za ng'ambo, jina lake Calimala, kilimwagiza Lorenzo Ghiberti amsubu Yohana Mbatizaji kwa shaba iliyochanganywa na bati. Kazi ya namna hiyo ilikuwa na gharama mara 10 hivi ya kazi ya marumaru. Sanamu ilikuwa na urefu wa zaidi ya futi 8, wala katika mji ule haijapata kusubiwa sanamu kubwa kama ile; hata Ghiberti mwenyewe alikubali kwamba ikiharibika katika kalibu, hasara itakuwa yake. Haikuharibika. Kuiona imesimama, chama cha wabadili fedha nacho kikamwita Ghiberti mwaka 1419, amfanyie Matayo Mtakatifu, na katika mapatano wakaandika kwamba sanamu yao isipungue ukubwa wa ile ya Calimala. Kisha wenye sufu, waliokuwa tayari na sanamu ya marumaru, wakatazama huku na huku wakaona wamepitwa. Mwaka 1425 walikata shauri kuiondoa ile ya kwanza na kuweka Stefano Mtakatifu wa shaba, wakisema waziwazi kwamba haiwafai wao kuwa nyuma ya vyama vingine.

Vyama visivyo na mali nyingi havikuweza shaba, lakini havikukosa heshima. Mafundi wa mawe na mbao walimpa kazi Nanni di Banco, ambaye alikuwa wa chama chao, akawachonga watakatifu wanne wamesimama pamoja katika shubaka moja kama watu wanaoshauriana. Chini ya miguu yao alichonga mafundi wenyewe kazini: mmoja ajenga ukuta, mmoja atoboa nguzo, mmoja apima jiwe, mmoja achonga sanamu ya mtoto. Ni nadra kuona fundi katika jengo la fahari, naye yumo katika mavazi ya kazi. Wauza kitani walimpata Donatello, naye akawachongea Marko Mtakatifu kati ya miaka 1411 na 1413. Vasari, aliyeandika habari za mafundi hao katika mwaka 1550, asimulia kwamba wakuu wa chama waliiona sanamu ikiwa chini wakaikataa. Donatello akawaomba wamwache aipandishe mahali pake, akaifunika siku 15, kisha akaifunua pasipo kuigusa, nao wakaisifu. Iwe kweli au iwe hadithi, kisa hiki chafundisha jambo moja la kazi: sanamu ya njiani haihukumiwi karakanani. Huhukumiwa pale mpita njia atakapoinua macho.

Tena shubaka halikuwa mali ya milele. Chama cha siasa cha Waguelfi, kilichoweka sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, kilipungukiwa nguvu, na mwaka 1463 kikaliuza shubaka lake kwa baraza la hukumu za wafanyi biashara. Hao walimwagiza Verrocchio mwaka 1467 afanye Tomaso akinyosha mkono kugusa ubavu wa Bwana, na kazi ikafunuliwa mwaka 1483. Msomaji ataona kwa nini mahakimu walimchagua Tomaso: ni mtu aliyetaka ushuhuda kabla ya kusadiki.

Mpaka hapa habari ni za kusifu. Lakini haifai kumaliza bila kuuliza ni nani aliyekosa shubaka. Vyama vya Firenze vilikuwa 21, na mashubaka ni 14. Vyama vidogo kadhaa viliridhika na watakatifu waliopakwa rangi katika nguzo za ndani. Hao angalau walikuwa na nguzo. Nje ya vyama vyote walikuwako maelfu ya vibarua wa sufu, wachambuaji na wapigaji, walioitwa Ciompi. Utajiri wa chama cha sufu ulitoka mikononi mwao, walakini sheria haikuwaruhusu kuwa na chama. Mwaka 1378 waliondoka kwa ghasia wakalishika jumba la serikali, wakapewa vyama vitatu vipya. Chama chao wenyewe hakikukaa hata miezi miwili. Viwili vilivyobaki vilifutwa mwaka 1382. Basi Stefano wa shaba aliposimama, wale waliochambua sufu iliyomlipia walikuwa na ruhusa ya kumtazama, wala hawakuwa na neno la kusema juu yake. Mji uliotegemea vyama katika sanaa yake uliwasahau wale waliokatazwa kuwa na chama.

Hata hivyo desturi ya kushauriana juu ya sanamu ilizidi kuota mizizi. Michelangelo alipomaliza Daudi wake mwaka 1504, kazi aliyopewa na wasimamizi wa ujenzi wa Kanisa Kuu, tarehe 25 Januari waliitwa watu karibu 30 kusema iwekwe wapi. Miongoni mwao walikuwamo Leonardo da Vinci na Botticelli, pamoja na mafundi wa kazi nyingine. Na wa kwanza kusema alikuwa mpiga mbiu wa serikali. Hawakuafikiana, lakini mwisho sanamu iliwekwa mlangoni pa jumba la serikali, ambako kila mtu aliweza kuiona. Kuipeleka kulichukua siku 4, na usiku wengine waliitupia mawe. Katika ghasia za mwaka 1527 mkono wake wa kushoto ulivunjwa. Ndiyo hatari ya kitu cha hadharani: hupendwa hadharani, na huchukiwa hadharani.

Mwaka 1873 Daudi alihamishiwa ndani ya nyumba apate kuhifadhiwa na mvua, na tangu mwaka 1910 mfano wake ndio unaosimama pale mlangoni. Sanamu za Orsanmichele nazo zimeingizwa ndani, nyingi katika orofa ya juu ya jengo lile lile, na mashubakani zimewekwa nakala. Wako wanaosikitika. Lakini mashubaka hayakuachwa matupu, na mtu aendaye sokoni bado apita chini ya watakatifu wa waashi na wauza kitani.

Mwalimu atakapowaeleza wanafunzi wake habari za sanaa ya mji wo wote, asianze na jina la fundi. Aulize kwanza mahali palitolewa na nani, na fedha zilitoka wapi. Kisha aulize ni nani aliyefanya kazi wala hakuhesabiwa. Firenze ilitoa mahali, ikaweka muda, ikawaachia raia wake waoneane haya mpaka kazi ikatimia; na palipobaki pengo, palibaki kwa wale ambao hakuna aliyewaonea haya.